Baiskeli Kongwe ya Resi, Mtoto na Mteremko wa Kamachumu

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mwaka mmoja kabla yake, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua 3 za Tour de France na kumaliza akiwa na jezi ya kijani. Kutoka mpakani Rusumo hadi Kigali ni safari ya saa chache tu kwa gari, na picha za mashindano yale ziliingia katika simu za watu wote wa Kagera. Watoto wa Bukoba na Muleba waliokuwa wakiomba baiskeli sasa wanaomba baiskeli ya resi, ile yenye usukani uliokunjwa kwenda chini na tairi jembamba.

Mzazi mwenye uwezo hapo hukutana na kishawishi. Ndani ya mzigo wa mtumba, au kwa ndugu anayerudi kutoka Ulaya, hutokea baiskeli kongwe ya chuma ya miaka ya 1970 au 1980: Peugeot, Bianchi, Raleigh ya mbio. Rangi yake bado inang'aa, viungio vya fremu vimechongwa kwa ustadi, na anayeiuza anasema huko Ulaya watu wanaigombania. Hilo la mwisho ni kweli. Tangu mwaka 1997 kuna msafara huko Toscana, Italia, unaoitwa L'Eroica, ambao hupokea baiskeli za resi zilizotengenezwa kabla ya 1987, na umeigwa katika nchi nyingine. Mapenzi ya namna hiyo yamepandisha bei ya vyuma ambavyo zamani vilitupwa.

Swali ninaloulizwa ni kama chombo hicho kinafaa kununuliwa kwa ajili ya mtoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka 14 au 15 anayeishi katika milima yetu, jibu langu ni hapana, na sababu ya kwanza ni breki.

Anayeishi Bukoba haelezwi habari za mvua. Mji huu hupata wastani wa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na masika yakiisha, vuli iko njiani; Novemba, senene wanapojaa kwenye taa, barabara hulowa asubuhi na jioni. Baiskeli nyingi za resi za bei ya chini na ya kati za zama zile zilikuwa na rimu za chuma zilizopakwa kromu. Rimu hiyo ikiwa kavu, breki inashika vizuri. Ikilowa, mpira wa breki huteleza juu ya kromu, na umbali wa kusimama huongezeka mara kadhaa. Mtu mzima aliyezoea hujua kuanza kubana mapema ili kukausha rimu. Mtoto wa miaka 11 anayeshuka kutoka Ihungo kuelekea mjini, akakuta bodaboda imekata kona mbele yake, hana muda huo.

Kujua rimu ni ya nini ni rahisi. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, uiguse kwenye rimu. Ikinata, ni chuma. Isiponata, ni aluminiamu, na aluminiamu hushika breki vizuri zaidi wakati wa mvua.

Mtu atasema: basi ninunue ile ya bei ya juu kabisa, yenye rimu za aluminiamu. Hapo anaingia katika taabu nyingine, kwa kuwa baiskeli za daraja hilo mara nyingi zilifungwa matairi ya kubandika. Tairi la namna hiyo limeshonwa likafunika tyubu yake ndani, na hushikwa kwenye rimu kwa gundi peke yake. Likipata pancha, fundi lazima alibandue, afumue mshono, azibe, ashone tena, kisha apake gundi maalumu na kusubiri ikauke. Sijakutana na duka la Bukoba wala Muleba linaloweka matairi hayo. Gundi nayo ina udhaifu wake: joto huilainisha.

Joto hilo si dogo. Chukua mtoto wa kilo 40 juu ya baiskeli ya kilo 12, ashuke mahali ambapo kimo kinapungua mita 100. Nishati ya mshuko huo ni kiasi cha kilojuli 51, inayotosha kuchemsha mililita 150 za maji, yaani kikombe kidogo cha chai. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, lakini mtoto mwoga anayeshuka polepole huku amebana breki hupata msaada mdogo wa upepo, na karibu joto lote huishia kwenye rimu. Sasa fikiria barabara ya Muhutwe, Kamachumu hadi Muleba. Kamachumu iko juu ya ziwa kwa mamia ya mita, na anayeteremka kutoka huko hashuki mita 100 tu. Tairi la kubandika lenye gundi kuukuu linaweza kuchomoka kwenye rimu katika kona, na hapo hakuna ustadi unaomwokoa mwendeshaji.

Mikono ya mtoto nayo ina mipaka. Vishikio vya breki vya usukani ule vilitengenezwa kwa kiganja cha mwanamume mzima. Mtoto akishika sehemu ya juu ya usukani, vidole vyake havifiki mahali penye nguvu ya kubana. Akiinama kushika chini, anashindwa kuinua shingo aone mbele. Kibadilisha gia kipo kwenye bomba la chini la fremu, kwa hiyo kila anapotaka kubadili gia lazima aachie mkono mmoja. Kwenye tambarare ni jambo la kujifunza kwa siku chache. Kwenye mteremko wenye kokoto ni hatari.

Ukubwa ni suala ambalo wazazi wengi hulipuuza kwa hoja kwamba mtoto atakua. Shati la shule likimzidi, atakunja mikono na maisha yataendelea. Fremu ikimzidi hakuna cha kukunja. Mpime hivi: asimame bila viatu, mgongo ukutani, abane kitabu katikati ya mapaja kikiwa juu kabisa, kisha upime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mtoto wa urefu wa sentimita 150 kwa kawaida hupata kati ya 68 na 71. Baiskeli ya resi ya mtu mzima yenye fremu ndogo ya sentimita 50 ina bomba la juu lililo kama sentimita 76 kutoka chini, na ya sentimita 54 hukaribia 80. Panatakiwa nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya mwili na bomba, ili akisimama ghafla asiumie. Hesabu hiyo peke yake hufunga mjadala kwa watoto wengi wa darasa la sita.

Najua kwamba hapa kwetu vizazi vingi vimejifunza baiskeli kwa kupitisha mguu katikati ya fremu ya baiskeli ya baba, mwili umepinda, kiti hakijaguswa. Tumejifunza hivyo uani na kwenye njia za migombani. Leo barabara ya Bukoba kwenda Muleba ni ya lami, ina malori ya kwenda Biharamulo na mabasi yenye haraka, na uendeshaji ule wa kupitisha mguu haumfai mtoto anayekwenda shule pembezoni mwa magari hayo.

Raleigh ya babu inastahili maneno yake, maana nyumba nyingi za Uhaya bado zinayo. Kahawa ilipopanda bei mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati BNCU, chama cha ushirika kilichotangulia KCU ya leo, kilikuwa kimeanza tu mwaka 1950, fedha za buni ziliezeka nyumba kwa bati, zikalipa ada za shule na zikanunua baiskeli. Kiwanda cha Raleigh kule Nottingham kilikuwa kikitoa baiskeli zaidi ya milioni 1 kwa mwaka wakati huo, na zile nyeusi zenye matairi ya inchi 28 na breki za vyuma zilienea katika makoloni yote ya Uingereza. Kwa kuwa ni nyingi mno, wakusanyaji hawazilipii fedha kubwa. Thamani yake iko ndani ya ukoo. Nayo ina rimu za chuma, ni nzito, na ilijengwa kwa mtu mzima anayebeba mikungu ya ndizi. Mjukuu aijue, aisafishe, ajifunzie ufundi juu yake. Kuiendesha barabarani kusubiri.

Raleigh hiyo ina sifa moja ambayo resi kongwe haina: fundi yeyote aliye chini ya mti pale Muleba anaweza kuitengeneza. Tairi la 28 kwa inchi moja na nusu lipo kila soko, kwa sababu baiskeli za India na China zimefuata umbo lile lile. Resi kongwe ni kisa kingine, na hatari kubwa imejificha kwenye vipimo vya rimu. Tairi lililoandikwa 27 hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 630. Lililoandikwa 700C hukaa kwenye 622. Lile la 28 tulilolizoea hukaa kwenye 635. Kwa macho yote yanafanana. Fundi asiyejua akivika tairi la 630 kwenye rimu ya 622, litaingia kwa urahisi, litajazwa upepo, litaonekana zima, kisha litaruka nje njiani. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa, na ukatae maelezo ya "yote ni sawa tu".

Skrubu pia hutofautiana. Vikombe vya ekseli ya kranki vya baiskeli za kale za Ufaransa vina kipimo chao cha pekee, na Raleigh nyingi za Nottingham zilitumia meno 26 kwa inchi ambapo wengine walitumia 24. Fundi akilazimisha kikombe kisicho chake, anaharibu nyuzi za fremu, na thamani iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inaishia palepale.

Hilo linanileta kwenye thamani yenyewe. Mkusanyaji hulipia rangi ya kiwandani, vipuri vya awali na fremu isiyopigwa. Mtoto ataiangusha, na ana haki ya kuiangusha, kwa kuwa ndivyo anavyojifunza. Mzazi atakayemfokea kwa kila mkwaruzo amenunua jumba la makumbusho akamkabidhi mtoto alilinde. Zaidi ya hayo, bei ya London au Milano haipo Bukoba. Siku ukitaka kuiuza hapa, mnunuzi ataangalia kama ina keria ya kubebea mzigo.

Kitu ambacho ningemnunulia mtoto huyo kwa mikono miwili ni baiskeli ya milimani ya mtumba, tairi inchi 24 au 26 kulingana na kipimo cha miguu yake, yenye rimu za aluminiamu na breki zenye mikono mirefu inayobana rimu kutoka pande zote mbili. Chagua yenye foku isiyo na springi, kwa kuwa springi za mtumba mara nyingi zimekufa na huongeza uzito bure. Gia zake ndizo zinazofaa milima yetu. Resi ya miaka ya 1970, yenye meno 42 mbele na 24 nyuma kama gia yake nyepesi kabisa, husogea karibu mita 3.7 kwa kila mzunguko wa pedali. Baiskeli ya milimani yenye 28 mbele na 28 nyuma husogea kama mita 2. Kwenye kilima cha Kamachumu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atapanda akiwa kitini au atasukuma. Fedha itakayobaki inunue mipira mipya ya breki, nyaya mpya, matairi yasiyopasuka ubavuni na kofia ngumu inayomkaa sawasawa.

Kijana wa miaka 15 au zaidi, aliyefikia kipimo, aliyekwisha kuzoea gia na anayetaka mbio kwa dhati, naye nitamjibu tofauti. Kwake resi ya chuma ya zamani inaweza kuwa mwalimu bora, kwa sharti kwamba fremu imekaguliwa. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma kidogo ya kichwa cha fremu: rangi iliyokunjamana hapo inaonyesha kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Hakikisha bomba la kiti na shina la usukani vinachomoka, maana kutu huvigandisha kwa miaka. Usukani wa aluminiamu wa miaka 40 ubadilishwe hata kama unaonekana mzima. Aluminiamu huchoka kwa kila mtikisiko, kidogo kidogo, na hukatika bila kutoa taarifa. Kisha mfungie magurudumu ya aluminiamu ya 700C yenye tairi la kawaida. Kama ya awali yalikuwa ya inchi 27, mipira ya breki itahitaji kushushwa milimita 4, na breki nyingi za zamani zinaruhusu. Magurudumu ya awali yahifadhiwe pakavu pamoja na usukani wake, yasiuzwe kwa vipande, kwani siku akija mtu anayejua thamani atayaulizia.

Na kama imekwisha kununuliwa na mtoto bado mdogo, itundike ndani, mbali na moshi wa jikoni. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, chomoa bomba la kiti na shina la usukani, vifute, vipake grisi na uvirudishe, kisha tia mnyororo mafuta na uzungushe pedali ili yafike katika kila pingili. Mpime mtoto kila Desemba kwa kitabu kile kile. Akifika miaka 15, na sentimita 78 kwa fremu ya 50, mshushie.