Utangulizi: Wapiganaji wa Zamani na Serikali za Mitaa

Kila tarehe 25 Julai, Tanzania inapoadhimisha Siku ya Mashujaa, viongozi hupanda mnarani mmoja mmoja kuweka silaha za jadi. Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi huweka sime, na kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Meya naye huja na upinde na mshale, na mzee anayewawakilisha askari wa zamani huweka shoka. Katika msafara huo wote, anayenivutia zaidi ni meya. Rais yuko pale kwa niaba ya taifa lililotuma askari vitani, na Mkuu wa Majeshi kwa niaba ya jeshi walilolitumikia. Meya yuko pale kwa niaba ya nani? Kwa niaba ya mahali. Anawakilisha mtaa ambao askari alitokea, akarudi kuishi humo, na ndimo atakamouguzwa na kuzikwa. Somo ninalomkaribisha msomaji katika kitabu hiki linaanzia kwenye upinde ule.

Hadi sasa somo hili halina nyumba yake. Wanahistoria wa vita humfuata askari mpaka siku anapovua sare, kisha humwacha. Watu wa ustawi wa jamii humpokea akiwa mzee, na kwao ni mzee kama wazee wengine. Wachunguzi wa utawala wa mitaa husoma bajeti na mapato, na wale wa kumbukumbu husoma sanamu. Ninayoyatetea ni haya: jeshi humjua askari kwa namba, hazina humjua kwa faili, bali majirani ndio wanaomjua kwa jina. Heshima inahitaji jina, na msaada unahitaji jina vilevile. Kwa hiyo ngazi ya serikali iliyo karibu na majirani, yaani kijiji, mtaa, kata na halmashauri, ndipo mambo haya mawili yanapokutana au kuachana.

Tuanze na sanamu, kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Sanamu ya Askari pale kati ya jiji la Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927. Ni askari wa shaba aliyeinama kidogo mbele, bunduki mikononi na singe ikielekea bandarini. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao, na chini ya miguu ya Wissmann kulikuwa na askari wa Kiafrika. Gavana alikuwa na jina. Askari hakuwa nalo. Waingereza walimwondoa gavana, wakampandisha askari juu ya jiwe peke yake, nayo ilikuwa hatua. Jina hakupewa. Nairobi na Mombasa pia kuna sanamu za ukoo huohuo, na katika ile ya Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari. Hilo ni jambo la haki, kwa sababu katika vita vya 1914 hadi 1918 upande huu wa Afrika wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria walikuwa wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi.

Ukosefu wa majina haukuja kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Wakuu wa enzi hiyo waliona kwamba kwa Mwafrika sanamu moja ya jumla inatosha. Msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya uwanja huu ni kuurudisha nyuma uamuzi huo, jina baada ya jina. Kazi hiyo haiwezi kufanyiwa London. Inafanyiwa kwenye koo, misikitini, makanisani, na kwa wazee wanaokumbuka nani aliondoka na hakurudi.

Kisa kimoja kinaonyesha kinachotokea pale mwajiri wa zamani anapokuja na fedha mkononi huku mtu anayejua majina hayupo. Charles Miller, katika kitabu chake kuhusu vita hivyo, anasimulia kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari waliokuwa bado hai wa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache sana walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare iliyochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Ndipo mlipaji alipopata wazo: kila mzee alipewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani kufanya kwata ya bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sifa ya nidhamu ya askari wale. Mimi kinanihuzunisha. Nusu karne baada ya vita, mzee anashikishwa ufagio mbele ya mgeni athibitishe kuwa ni yeye. Hapo Mwanza hapakuwa na daftari la kijiji wala barua ya jumbe iliyosema fulani bin fulani alikwenda vitani akarudi. Mwili wake ndio uliokuwa hati pekee. Leo hii afisa anapomwambia mzee alete cheti cha kuacha jeshi ambacho kililiwa na mchwa mwaka 1985, ufagio ule ungali mlangoni.

Kizazi kilichofuata, wazee wa Keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Waingereza, walikwenda mbali zaidi. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, ambako divisheni ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika msimu wa mvua wa 1944 mpaka mto Chindwin. Waliporudi walikuta kiinua mgongo kimepangwa kwa rangi ya ngozi. Hati zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mwafrika aliweza kulipwa theluthi moja tu ya malipo ya Mzungu wa cheo kilekile. Vyama vya Legion, yaani vyama vya askari wa zamani, ndivyo vilivyowashika mkono, kwa misaada iliyotoka zaidi Uingereza. Nataka msomaji aone matokeo yake kwa serikali za mitaa zilizozaliwa baada ya uhuru: mzee wa Burma alionekana ni mzigo wa Malkia, si wa halmashauri. Alikuwa amepigania bendera ya wengine, na wapo waliomwona kama aibu. Katika Kenya, ambako askari wa Keya walitumika dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, jeraha hilo lina kina zaidi, na mtafiti akanyage taratibu: katika kijiji kimoja cha Nyeri anaweza kukuta wazee wawili, wote mashujaa kwa hesabu za familia zao, waliopigana pande mbili.

Mambo hubadilika kabisa tunapofika kwenye Vita ya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, na hapa nitakaa kidogo. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978; daraja la Kyaka likalipuliwa mwanzoni mwa Novemba; Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Makumi ya maelfu ya waliopigana upande wa Tanzania walikuwa mgambo: wakulima, walimu, makarani. Wao hawakuingia jeshini kwa mlango wa kambi. Walipitia kijijini. Viongozi wa kijiji na kata waliwajua, mshauri wa mgambo wa wilaya aliwafunza, na vijiji hivyohivyo vilichanga ng'ombe na vyakula kwa ajili ya wapiganaji. Vita ilipokwisha, wengi walirudi walikotoka wakashika majembe. Askari wa kudumu ana pensheni, ana namba, ana hospitali za jeshi. Mgambo ana nishani, kama aliipata, na ana majirani walioshuhudia siku aliyopanda lori.

Ndiyo maana ninasema kumbukumbu ya mgambo wa Kagera kwa asili yake ni mali ya serikali ya mtaa. Kijiji kilimtoa, kijiji kilimpokea. Mtendaji wa kata akiulizwa leo, akae na wazee wa baraza asubuhi moja, anaweza kuandika orodha ambayo wizara ingehitaji miaka kuikamilisha. Iko haja ya kufanya hivyo mapema, kwani aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ana zaidi ya 65.

Orodha hiyo itatumika wapi? Mwanafunzi wa somo hili hana budi kuzijua sheria na kanuni za fedha, hata kama zinachosha. Halmashauri za Tanzania Bara zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mpiganaji mzee asiye na ulemavu hayumo. Aliyepoteza mguu Uganda anaweza kuingia, lakini kwa mlango wa ulemavu, na hakuna anayelazimika kuuliza mguu ule ulipotelea wapi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua kwa umri wake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote waliofikia miaka 70 pensheni ya kila mwezi, shilingi 20,000 kwa kuanzia, bila kumtaka mtu athibitishe aliwahi kuajiriwa wapi. Naupenda mpango huo, na wakati huohuo naona pengo lake: unamlisha mzee bila kumtambua mpiganaji.

Kwingineko wamejaribu kuyaunganisha mambo haya mawili, msaada na heshima. Jimbo la Massachusetts la Marekani linataka kila mji uwe na afisa wa wapiganaji wa zamani; mji unamlipia mwenye shida, kisha jimbo linaurudishia asilimia 75. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2021 inazilazimu mamlaka za mitaa kuwazingatia watu wa majeshi katika makazi, elimu na afya. Sipendekezi tuinakili mifumo hiyo, inayotegemea hazina nene kuliko zetu. Ninachokiona cha kujifunza kwa Massachusetts ni mgawanyo wa kazi: anayemjua mtu ndiye anayeamua, na mwenye fedha ndiye anayerudisha gharama.

Sasa fahari. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa, na mahali pakimtunza wa kwao, penyewe hupata sura. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina mwaka 1979 ukaitwa Kagera. Watu wa mkoa mzima wanabeba vita ile kila wanapojaza fomu. Makaburi ya Kaboya wilayani Muleba na ya Naliendele huko Mtwara, wanakolala askari wa Tanzania waliofia Msumbiji, yanawapa wenyeji wa sehemu hizo nafasi katika historia ya bara hili ambayo miji mikubwa haina. Hata hivyo fahari ya mahali haiji kwa saruji peke yake. Vijana wanaofanya usafi makaburini kabla ya Julai waambiwe waliolala pale walitoka vijiji gani, na mpiganaji aliye hai wa kata ileile akae meza kuu, asisimame juani nyuma ya wageni waalikwa. Haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji mwenyekiti wa mtaa anayemjua mtu wake.

Kwa anayetaka kuanza utafiti, vyanzo viko karibu kuliko anavyodhani. Kuna magazeti ya Kiswahili ya askari wa Vita Kuu ya Pili, *Askari* na *Heshima*. Kwa Kagera kuna *Kuzama kwa Idi Amin* cha Baldwin Mzirai na utenzi wa Henry Muhanika, vyote vilivyoandikwa vita ikiwa bado mbichi. Timothy Parsons ameandika kuhusu askari wa kawaida wa Keya, na Michelle Moyd kuhusu wale wa Wajerumani. Lakini hazina hasa imo katika mihutasari ya vikao vya madiwani na vya vijiji, na hii iko hatarini. Wilaya zinapogawanywa, makabati huhama. Kyaka yenyewe sasa imo Missenyi, wilaya iliyomegwa kutoka Bukoba Vijijini, na anayetafuta karatasi za mwaka 1979 ajiandae kubisha hodi ofisi zaidi ya moja.

Na asiishie kwa wanaume. Aliyebaki na watoto miezi yote ile, akalima peke yake, akampokea mume aliyerudi akipiga kelele usingizini, mara nyingi ndiye aliyetunza nishani na barua sandukuni. Mjane huyo hayumo katika orodha yoyote ya wapiganaji, na katika sura nyingi za kitabu hiki ndiye shahidi tuliyemtegemea. Mtafiti akifika kwenye kata, amtafute yeye kwanza.