Kijidudu cha Mayi ya Moto na Kipimo cha Ebola

Katika bonde la Rutshuru, ndani ya hifadhi ya Virunga, kuna mahali panapoitwa Mayi ya Moto. Mayi yanatoka ardhini yakitoa mvuke. Mtu akiyatazama husema: hapa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi. Kumbe, kuna viumbe vidogo vinavyopenda mahali pa namna hii.

Katika mwaka 1966, huko Yellowstone, Marekani, Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walikuta kijidudu kinachostawi katika joto la digri 70. Mwaka 1969 wakakitangaza kwa jina Thermus aquaticus. Na katika bahari kuna kingine, Alcanivorax borkumensis, kilichotangazwa mwaka 1998: chakula chake ni petroli iliyomwagika.

Jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Beni na Butembo? Latuhusu sana.

Katika mwaka 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kuzidisha ADN, yaani maandiko madogo yaliyo ndani ya kila kiumbe. ADN hupashwa moto karibu digri 95 kusudi nyuzi zake mbili ziachane, hupozwa, kiisha enzimi hutengeneza nakala. Moja huwa mbili, mbili huwa nne. Baada ya mara 30 nakala hupita 1,000,000,000. Lakini enzimi ya kwanza iliharibika kila mara kwa moto. Ile ya kijidudu cha mayi ya moto haikuharibika. Ndipo kazi ikawa nyepesi.

Kipimo cha Ebola hufuata njia hiyo. Virusi ya Ebola ina ARN, basi kwanza ARN hugeuzwa kuwa ADN, kiisha huzidishwa mpaka mashini iweze kuiona. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa huo uliwapata watu 3,470 katika nchi yetu ya mashariki, na 2,287 walikufa. Mashini za kupima zilifanya kazi Beni na Butembo penyewe, na jibu lilitoka kwa muda wa karibu saa 2.

Hata hivi wengi hawakusadiki. Walisema: «Ebola ni biashara.» Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tena wengine waliuliza: «Jana walisema hana ugonjwa, leo wanasema anao. Si uwongo huo?» Hapana, ndugu. Siku za kwanza za ugonjwa virusi ni chache mno katika damu, hata mashini yaweza kukosa kuziona. Kwa hiyo mtu aliyepimwa kabla ya saa 72 tangu kuanza kuugua, naye akaonekana mzima, hupimwa mara ya pili. Kukosa kuona mbegu ardhini si kusema haikupandwa.

Katekista asiyejua jambo hili atanyamaza mbele ya jamaa wanaolia, na uvumi utasema mahali pake. Anayejua ataweza kuwaeleza kwa upole, kabla ya maziko na si baada yake.

Mungu hakuumba kitu cha bure, hata katika mayi yanayochemka. Tujifunze basi kazi zake, kusudi tuwasaidie Wakristu wetu kushika ukweli siku ya hofu.