Saratani ya kongosho: vijidudu vya mdomoni vyaanza kutoa siri

Kutoka Kibenga, kusini mwa Bujumbura, barabara ya kandokando ya Ziwa Tanganyika inakupeleka Rumonge kwenye mawese, kisha Nyanza-Lac, hadi mpakani Mugina na Manyovu upande wa Kigoma. Mchuuzi wa njia hiyo anakula akiwa safarini, na tumbo likimuuma ananunua dawa ya vidonda vya tumbo, anameza, mzigo unaendelea. Mara nyingi dawa inamtuliza. Hatari ni pale maumivu yanaporudi mwezi wa pili na wa tatu, naye bado anameza dawa ileile.

Kongosho ni tezi iliyojificha nyuma ya tumbo, inayotoa insulini na maji ya kusaga chakula. Saratani yake hukua kimya. Hata Marekani, penye mashine za kila aina, ni wagonjwa 13 hivi tu kati ya 100 wanaofikisha miaka mitano baada ya kugunduliwa, kwa kuwa wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia vijidudu tunavyoishi navyo. Mwaka 2022, jarida la Gut lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa Hispania, uliopimwa tena kwa wagonjwa wa Ujerumani: aina 27 za vijidudu kwenye choo zilisaidia kuwatenganisha wenye saratani hii na wasio nayo, hata ugonjwa ukiwa mchanga. Walipoongeza kipimo cha damu cha CA19-9, majibu yalikuwa bora zaidi.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakaenda mbele. Walitumia mate ya Wamarekani wapatao 122,000 yaliyochukuliwa wakiwa wazima, wakawafuatilia kwa miaka kadhaa. Watu 445 walipata saratani ya kongosho. Waliokuwa na mchanganyiko fulani wa bakteria na fangasi mdomoni, wakiwemo bakteria wa ugonjwa wa fizi, walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu. Bado haijathibitishwa kwamba vijidudu hivyo ndivyo vinavyoleta saratani. Huenda ni dalili tu.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza Kampala mwaka 1958 ndimo virusi vya Epstein-Barr vilimoonekana mwaka 1964. Safari hii sampuli ni za Wazungu na Wamarekani. Mla ubugali wa muhogo, maharage na mukeke ana vijidudu vyake, na kipimo kilichotengenezwa Heidelberg hakiwezi kuletwa hapa kama kitenge, kikauzwa kilivyo.

Kwa hiyo atakayekuuzia leo kipimo cha mate cha kubaini saratani ya kongosho, weka pesa yako mfukoni. Ugonjwa huu ni wa nadra: kipimo kikikosea watu 5 tu katika kila 100, ukiwapima wazima 10,000 umewatisha 500 bure.

Kinachopatikana bila kungoja maabara ni mswaki, kuacha sigara na kusikiliza mwili. Macho kugeuka manjano, mkojo mweusi kama chai, kukonda bila sababu, maumivu ya tumbo yanayopenya mgongoni, au kisukari kinachozuka ghafla kwa mtu wa makamo anayekonda: hayo si ya duka la dawa. Omba daktari akupige picha ya tumbo. Rufaa ikihitajika, Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Kampala, na Ocean Road iko Dar es Salaam, mji ambao wengi wenu mnaufuata kwa bidhaa.