Delta ya Rufiji: Msitu ni wa Serikali Kuu, Lawama ni za Halmashauri

Mkulima wa mpunga wa Mfisini au Kiomboni akiingiliwa na maji ya chumvi shambani, hapigi simu Dodoma. Humwendea mwenyekiti wa kijiji, neno likafika kwa mtendaji, diwani akalibeba hadi kwenye baraza mjini Kibiti. Hapo ndipo linapokwama, maana karibu kila kinachoiweka hai delta kina mwenyewe, na mwenyewe si Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti. Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Maji ya mto yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Bwawa lililo juu ya mto ni la umeme. Halmashauri inabaki na vijiji, ushuru, sheria ndogo na malalamiko.

Mali yenyewe si ndogo. Hekta zipatazo 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na hakuna msitu wa mikoko ulioungana unaoufikia huu kwa ukubwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na Wajerumani walianza kuuwekea sheria mwaka 1898. Tangu 2004 delta, pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa, imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji, karibu delta yote iliangukia upande wake.

Mpunga ndio ugomvi wenyewe. Baada ya mafuriko makubwa ya miaka ya 1970 mto ulihamia zaidi mikondo ya kaskazini, maji baridi yakazidi huko, na wakulima wakayafuata. Mikoko huchunwa magome, ikikauka hukatwa na kuchomwa. Mpunga hupandwa, mkulima akapanda dungu kuwinga ndege na nguruwe. Kaa hukata miche, hupandwa tena. Misimu michache ikipita magugu huzidi nguvu za jembe la mkono, na kipande kipya hufunguliwa. Anayeita hilo tamaa hajapalilia tope. TFS humwona mtu huyo kuwa mvamizi wa hifadhi. Diwani humwona mpiga kura. Wote wawili wana haki yao kisheria, na ndiyo maana vikao havimalizi jambo.

Hata hivyo halmashauri si mgeni wa kazi hii. Kati ya 1998 na 2003 Halmashauri ya Rufiji, ikisaidiwa na shirika la uhifadhi la IUCN kwa fedha za Uholanzi, iliendesha mradi wa usimamizi wa mazingira uliokwenda hadi vijijini. Vijiji vinne vya mfano, Mtanza-Msona, Mbunju-Mvuleni, Twasalie na Jaja, viliandaa mipango yake vyenyewe: nini kivunwe, wapi, na nani akague. Kwangu mimi huo ndio uzoefu wenye thamani kuliko semina zote zilizofuata, kwa sababu kanuni zilitungwa na watu watakaozivunja au kuzishika.

Na watu hao wanajua kupigania mali. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kufuga kamba ndani ya delta, ilhali Baraza la Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri vingine. Wanavijiji walikwenda mahakamani, wanahabari na wanasheria wa mazingira wakawaunga mkono, na mabwawa yale hayakuchimbwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa mazingira, kamati na mpango wake. Karatasini mnyororo umekamilika hadi kijijini. Lakini pete ya mwisho ni binadamu anayeishi jirani na anayemkamata. Hilo lilionekana kwa uchungu katika mfululizo wa mauaji ulioikumba Kibiti: viongozi wa vijiji walilengwa, kizuizi cha maliasili cha Jaribu kikashambuliwa Februari 2017, na Aprili mwaka huo askari polisi wanane wakauawa. Sababu zake ni pana kuliko msitu. Ila jaribu kumwomba mwenyekiti wa kijiji baada ya hapo asimamishe mtumbwi uliojaa boriti usiku.

Wapo wanaosema siku hizi setilaiti zinatosha. Picha za Landsat ni za bure tangu 2008, na ofisa wa Kibiti mwenye kompyuta anaweza kuliona shamba jipya katikati ya mikoko. Asichokiona ni ukataji wa kuchagua: mkandaa au mkoko ulionyooka ukitolewa mmoja mmoja, majani ya juu yakaendelea kuwa kijani. Hilo huonekana kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa. Na kufika Msala au Maparoni ni boti, mafuta na kusubiri maji yajae. Kifungu hicho ndicho rahisi kukatwa bajeti ikibana.

Juu ya yote limekuja Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Aprili 2024 mafuriko yalimeza mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Wananchi wakalinyooshea bwawa kidole, serikali ikasema ni mvua na kwamba bwawa lilipunguza makali. Swali la muda mrefu ni la udongo: delta hujengwa na tope la mafuriko, na bwawa hulizuia. Likipungua, bahari husogea.

Mabishano kama hayo hayaamuliwi kwa makelele ya kikao. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, tayari vina jukumu la kuandika samaki na kamba wanaoshuka mialoni. Safu mbili zaidi kwenye daftari hilo, kimo cha maji ya bamvua na chumvi ya mkondo, pamoja na kipimo cha bei nafuu kwa kila kata ya delta, zingeipa Kibiti takwimu zake yenyewe za kupeleka kwa Bodi ya Bonde kule Iringa, kabla ratiba ya kufungulia maji haijapangwa.