Je, Wajua? Mvinyo Unaonukia Msonobari

Ugiriki kuna mvinyo mweupe uitwao retsina, unaotiwa utomvu wa msonobari wakati unapochachuka. Zamani mitungi ilizibwa kwa utomvu ili hewa isiingie. Mitungi ikaachwa, ladha ikabaki kwa kupendwa tu. Sisi wanywaji wa kawaida tukiinusa glasi, twajiona karakanani kwa fundi seremala: vanishi mbichi, randa na vumbi la mbao. Ila ukishushia pweza wa kuchoma, malalamiko yote kwisha!

Huko Jura, Ufaransa, mvinyo wao wa manjano hukaa pipani zaidi ya miaka 6 bila kujazilizwa, kisha huuzwa katika chupa ya mililita 620, eti ndicho kinachobaki katika kila lita 1. Hizo 380 zimekwenda hewani, wasema watunza pishi wenyewe.