Betri ndogo inapomhadaa mwendesha baiskeli

WAENDESHAJI wengi wa baiskeli huamini kila tarakimu inayotokea kwenye kompyuta ndogo iliyofungwa usukanini. Hata hivyo, kifaa hicho huweza kutoa habari potovu kwa siku nyingi kabla ya kuzimika, na mara nyingi chanzo chake ni betri yenye umbo la sarafu.

Kompyuta ya kawaida hutegemea sumaku iliyofungwa kwenye spoki na kihisi kilichofungwa karibu nayo. Kila gurudumu linapozunguka mara moja, sumaku hupita mbele ya kihisi, nayo kompyuta huzidisha idadi ya mizunguko kwa mzingo wa gurudumu ili kupata umbali.

Hapo ndipo kosa la kwanza huzuka. Tairi nyembamba ya milimita 23 ina mzingo wa takriban milimita 2,096, ilhali ile ya milimita 28 hufikia milimita 2,136. Anayebadilisha tairi bila kurekebisha kompyuta atakosea kwa karibu kilomita 2 katika kila safari ya kilomita 100.

Kosa la pili ni sumaku iliyosogea. Ikiwa mbali na kihisi kwa zaidi ya milimita chache, baadhi ya mizunguko haihesabiwi.

La tatu ni betri. Vihisi vingi hutumia aina ya CR2032, ambayo tarakimu zake humaanisha kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kwa anayeendesha takriban saa moja kwa siku, betri hiyo kwa kawaida hudumu karibu mwaka mmoja. Inapochoka, nguvu yake hushuka kihisi kinapotuma mawimbi ya redio. Matokeo yake ni kasi inayoanguka ghafla hadi sufuri na kurejea, au mapigo ya moyo yanayopotea. Mwenye kifaa hudhani kompyuta imeharibika, kumbe ni betri tu. Aidha, jasho na maji huleta kutu kwenye vyuma vinavyogusana na betri.

Kompyuta zinazotumia setilaiti hazihitaji sumaku, lakini betri zake huisha kwa saa, si kwa miezi. Mwangaza mkali wa skrini na ramani inayofuatwa bila kukoma huimaliza haraka. Baridi kali nayo hupunguza nguvu yake.

Suala hili si dogo kwa wanaosafiri mbali na umeme. Mashindano ya Migration Gravel Race yalipoanza Maasai Mara mwaka wa 2021, washiriki walipita takriban kilomita 650 kwa siku 4, wakilala mahemani. Katika safari ya namna hiyo, kompyuta ikizimika, ramani ya njia huzimika nayo.

Dawa ni nafuu: kubadilisha betri ya kihisi kabla ya safari kubwa, kupangusa vyuma vyake, kupunguza mwangaza wa skrini na kubeba betri ya akiba. Kompyuta ya kuchajiwa isiwekwe kabatini kwa miezi ikiwa tupu, kwani betri yake huharibika.

Muhimu zaidi, betri iliyotolewa isiachwe mezani. Mtoto akiimeza, huweza kuunguza umio wake katika muda wa saa 2 tu, na anapaswa kukimbizwa hospitalini mara moja.