Programu huria: Kutoka msimbo hadi neno la Kiswahili

Ni saa tatu za usiku katika eneo la Bluff, kwenye kilima kirefu kinachoukinga kwa upande wa kusini mlango wa bandari ya Durban, nchini Afrika Kusini. Mezani pangu kompyuta ya zamani inafanya kazi tangu magharibi. Inaijenga programu ya ofisi iitwayo LibreOffice kutokana na msimbo chanzo, yaani maandishi yale yale yaliyoandikwa na waundaji wake.

Msikilizaji, huenda ukauliza: kwa nini mtu ajitaabishe hivyo, ilhali programu hiyo hupatikana bure, ikiwa tayari kwa matumizi? Jibu limo katika neno moja la Kiswahili, nalo ni "tendua".

Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliuweka wazi msimbo wa OpenOffice.org, programu ambayo LibreOffice ilichipuka kutoka kwayo mwaka 2010. Kila mtu aliruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Hapa Afrika Kusini shirika la Translate.org.za liliitumia ruhusa hiyo kuifasiri programu kwa Kizulu, lugha kuu ya jimbo hili la KwaZulu-Natal, na kwa lugha nyingine za nchi. Nacho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliowashirikisha wataalamu wa Uswidi, kilitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili.

Hata hivyo, ruhusa pekee haitoshi. Neno lililofasiriwa hubaki katika faili, mithili ya mbegu ghalani, mpaka programu ijengwe upya likiwa ndani yake.

Kazi huanzia kwenye hazina ya msimbo. Hazina hiyo hulindwa na mfumo wa kutunza matoleo, na unaotumika zaidi leo ni Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Mfano wake ni leja ya duka: kila badiliko huandikwa pamoja na jina la aliyelifanya, siku na sababu. Anayekosea hurudi kwenye ukurasa wa jana.

Hatua ya kwanza ni kuinakili hazina hiyo. Nakala kamili, yenye historia yote, hufikia gigabaiti kadhaa. Kwa msikilizaji anayelipia intaneti kwa kipimo, upo unafuu: Git huweza kuombwa ilete hali ya sasa tu, bila historia. Baada ya hapo huleta yale yaliyobadilika peke yake.

Hatua ya pili ni ukaguzi. Amri maalumu huichunguza kompyuta, ikatangaza zana zinazokosekana. Hapo wengi hukata tamaa, kwani zana moja huhitaji nyingine. Dawa ni kuusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho, kisha kutafuta kilichotajwa. Katika hatua hii pia huchaguliwa lugha ya programu.

Hatua ya tatu ni ujenzi wenyewe. Programu iitwayo kompaila huyageuza mamilioni ya mistari ya msimbo kuwa lugha ya mashine. Kwa kompyuta dhaifu, kazi hiyo huchukua usiku kucha.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika kabla ya alfajiri. Nilidhani nimepoteza kila kitu. Uliporejea nilitoa amri ile ile, nayo kazi ikaendelea ilipokomea, kwa sababu mfumo wa ujenzi hulinganisha nyakati za mafaili na kuyaacha yaliyokwisha kukamilika. Lakini natoa tahadhari: toleo lililo bado jikoni lisifungue waraka ambao huna nakala yake nyingine.

Sasa turudi kwenye "tendua". Neno hilo ni la amri ya kulibatilisha tendo la mwisho, nalo limeundwa kutokana na "tenda", kama "fungua" lilivyotoka kwa "funga". Siku hizi watafsiri wengi hufanya kazi kupitia intaneti bila kuugusa msimbo. Lakini anayetaka kuona leo hii kama neno lake linaenea kwenye kitufe, au linakatwa katikati, hana budi kujenga.

Bluff ina funzo lake juu ya majina. Kuanzia mwaka 1873 waliletwa Durban watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Zanzibar, wakaitwa Wazanzibari. Walifanya maskani yao King's Rest, hapa hapa Bluff. Baadaye utawala wa ubaguzi wa rangi uliwaandika katika kundi la "Waasia wengine", na katika miaka ya 1960 ukawahamishia Chatsworth. Waliandikwa na wengine, katika daftari wasiloweza kulisahihisha.

Daftari la programu huria li wazi. Neno lisilofaa katika programu ya mwanao shuleni linaweza kusahihishwa na mwalimu wa Tanga au mwanafunzi wa Bukavu, na badiliko likapelekwa kukaguliwa na kupokewa, likiwa na jina la mwenyewe.

Kumekucha. Nimeifungua programu: "Tendua" imeenea vizuri, haikukatwa hata herufi moja.